Dirisha la karatasi lisifungwe kwa aliyefilisika

Kila zinapotajwa mahakama kuhamia mtandaoni, wanaotaka dirisha la karatasi, pale karani anapopokea hati mkononi, libaki huambiwa kwamba wanaogopa kompyuta. Nimeyasikia hayo Vuga kule Unguja, nimeyasikia Chake Chake huku Pemba, na kila mara huona msemaji hajaelewa wanachokiogopa. Nachukua kesi za waliofilisika, kwa sababu huko ndiko dakika chache zinapoweza kumgharimu mtu nyumba.

Marekani ndiyo inayotolewa mfano mara nyingi. Mahakama zao za ufilisi zilianza kutumia CM/ECF, mfumo wa kutuma na kutunza hati za kesi kwa mtandao, mwaka 2001, na toleo jipya linampa wakili akaunti moja ya kuingilia mahakama mbalimbali. Hukaa mezani kwake usiku wa manane akatuma ombi, na mfumo ukaandika saa na dakika. Dakika hiyo ina uzito. Kwa sheria yao, mdaiwa akishawasilisha ombi la kufilisika, kwa kawaida wadai husimamishwa papo hapo, pamoja na mnada na makato ya mshahara, bila kungojea jaji aseme neno. Nyumba ikiwa imepangiwa mnada saa nne asubuhi na ombi likaingia saa nne kasoro dakika mbili, dalali anafunga daftari. Likiingia saa nne na robo, nyundo ikiwa imeshagonga, mambo ni mengine kabisa.

Faida hiyo siikatai. Anayetoka Konde au Mkoani anaujua mwendo wa kwenda Chake na kurudi, na anayetakiwa Mahakama Kuu kule Tunguu, Unguja, anaijua nauli ya boti. Jalada lililomo kwenye mfumo halipotei kabatini, na hakuna wa kumpa chochote ili lionekane. Bara wana kanuni zao za kutuma hati kwa mtandao tangu 2018, Tangazo la Serikali Namba 148, na hati ikitumwa kabla ya saa sita usiku inahesabika ni ya siku hiyo. Haya ni mambo mazuri na mimi nayataka.

Ila kanuni zile ni za Bara. Mahakama Kuu ya Zanzibar ina mamlaka yake, tunakutana nao kwenye Mahakama ya Rufani tu, kwa hiyo tuna nafasi ya kuchagua. Na huko Bara wenyewe suala la saa halikwenda kirahisi. Mahakama ya Rufani ilikwishasema mwaka 1992 kwamba shauri limefunguliwa siku ada ilipolipwa. Kanuni za 2018 zinaangalia muda wa kutuma. Majaji wa Mahakama Kuu wakapishana: wengine wakashika siku ya kutuma, wengine siku ya malipo. Mtu katuma usiku, namba ya malipo imechelewa, kalipa asubuhi. Kafungua lini? Kwa mwenye wakili huo ni mjadala wa kisheria. Kwa mdaiwa aliye peke yake ni nyumba.

Miaka michache nyuma nilifuatana na jirani yangu wa Wete, muuza vitambaa, kwenda kupinga mnada. Alichukua mzigo kwa mkopo, biashara ikalala, mkopeshaji akaikamata rehani. Alikuwa na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni. Karani alizipekua moja moja kwa kidole, akasimama: "Mzee wangu, hati ya rehani haimo humu." Tulivuka barabara kutoa kopi, mwenye mashine akatwambia tungoje umeme urudi, ukarudi, tukakimbia. Dirisha lilikuwa linakaribia kufungwa. Karani akapokea, akapiga muhuri, akaandika saa kwa kalamu.

Mfumo ungemwambia nini mtu yule? Ungelipokea faili, halafu kesho yake, au keshokutwa, ungemletea ujumbe kwamba limekataliwa kwa upungufu wa kiambatisho. Mnada ungekuwa umeshapita.

Wamarekani, ambao mfumo wanao zaidi ya miaka ishirini, hili wameliona. Mawakili wanalazimika kutuma kwa mtandao, lakini mtu asiye na wakili kanuni zao zinamwachia karatasi. Mtandao anautumia pale mahakama ilipomruhusu. Karani haruhusiwi kuikataa hati kwa sababu tu haikukaa katika umbo linalotakiwa: anapokea, marekebisho yanafuata. Na ofisi ya mahakama isipofikika siku ya mwisho, muda unasogezwa. Wanaotuletea mfano wa Marekani huuleta mfumo, kinga hizi huziacha uwanja wa ndege.

Sisi ndio wa kwanza wa kuzihitaji. Unguja ilikaa gizani kiasi cha miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya waya mmoja wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti zilikatika baharini na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na siku ya mwisho wiki ile angejitetea vipi kama kanuni haisemi chochote?

Tena wadai si mabenki peke yao. Mnunuzi wa mwani akifilisika, wanaomdai ni kina mama wa ufukweni wenye simu za vitochi. Taarifa ikitumwa kwa barua pepe, mgawanyo utafanyika wao wakiwa majini wanafunga kamba.

Liko na suala la sitara. Orodha ya madeni ya mtu ni siri zake zote. Marekani huficha namba za akaunti isipokuwa tarakimu nne za mwisho, na hata hivyo Agosti 2025 mahakama zao za shirikisho zilitangaza kuongeza ulinzi baada ya mashambulizi ya kimtandao. Kwenye mji kama Wete, ambako deni hutafutiwa suluhu barazani na kwa wazee kabla ya kufika kwa hakimu, orodha ile ikivuja mtu hatoki nje.

Kwa hiyo mfumo uje. Lakini Wete, Mkoani, Chake na Unguja awepo karani mwenye skana anayepokea karatasi ya asiye na wakili na kuiingiza yeye mwenyewe, na saa inayohesabika iwe ile ambayo mtu aliikabidhi mkononi mwake, hata kama mtandao ulirudi kesho yake jioni.