Anayetunza hati za nyumba zetu, mbona hatumuulizi kuhusu hati?

Juzi, kwenye shughuli moja hapa Phoenix, Arizona, Marekani, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliwaambia vijana kwamba yeye karatasi ya kura huijaza juu tu. Rais, seneta, gavana, basi. Huko chini, akasema, ni makarani. Mzee huyo anamiliki nyumba hapa, na bado analipa mkopo wake. Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini moyo umenichemka hadi leo.

Mzee wangu, karani huyo ndiye mwenye daftari lenye jina lako.

Kaunti yetu ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ina watu zaidi ya milioni nne, na Msajili wa Kaunti tunamchagua wenyewe kila baada ya miaka minne. Ukinunua nyumba, hati inapelekwa ofisini kwake, inalipiwa dola 30, inapewa namba na kuingizwa kwenye faharasa ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Tangu hapo sheria inachukulia kwamba kila mtu amearifiwa. Usiposajili, akatokea mwingine aliyenunua kwa nia njema bila kujua habari zako, naye akasajili kabla yako, una hatari ya kuikosa nyumba uliyoilipia. Sisi tunaotoka kwenye nchi ambako kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili, na wote wawili wana karatasi zenye mihuri, tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Baba yangu mdogo amezeeka kwenye kesi ya kiwanja. Watoto wake walisoma kwa shida kwa sababu fedha zilikwenda kwa mawakili. Siwezi kukiita kiti hiki kidogo.

Na hapa pia matapeli wapo. Wanatafuta kiwanja kitupu, au nyumba ambayo mwenyewe yuko mbali, wanaghushi sahihi, wanaupata muhuri wa notari, yaani mthibitishaji wa sahihi, wanaipeleka hati isajiliwe. Msajili si hakimu. Hati ikikamilika kwa umbo lake, anaipokea. Hati ya kughushi haimpi tapeli umiliki, lakini mwenye mali ndiye atakayehangaika mahakamani mpaka ifutwe. Wangapi kati yetu huenda nyumbani miezi miwili, mitatu, na kufunga mlango tu? Ofisi hiyo ina huduma ya bure ya kukuarifu kila hati inaposajiliwa kwa jina lako. Jiandikishe leo. Waandikishe na wazazi wako.

Sasa mtazame Stephen Richer. Alikipata kiti hicho mwaka 2020 kwa tiketi ya Republican, akimshinda Adrian Fontes wa Democrat aliyekuwa amekikalia, na aliahidi kwamba ofisi ya msajili itarudi kuwa mahali pa kuchosha. Kwangu mimi hakuna ahadi nzuri kuliko hiyo kwa mtu wa kutunza hati. Mwaka 2024 akarudi kuomba muhula wa pili, na katika kampeni yote ile sikusikia akiulizwa swali hata moja kuhusu hati. Hoja ilikuwa kura tu, kwa kuwa ofisi hiyo hiyo inatunza daftari la wapiga kura na kusimamia kura za posta. Richer alisema wazi kwamba uchaguzi wa 2020 haukuibwa, wala ule wa 2022. Alitishiwa kifo. Alimshtaki Kari Lake, mgombea ugavana wa Republican aliyeshindwa 2022 na kudai ameibiwa kura, kwa kumchafulia jina, na Lake mwenyewe akaamua kutopinga kwamba anawajibika. Tarehe 30 Julai, kwenye kura ya mchujo ya Republican, ushindi ukaenda kwa mpinzani wake, Justin Heap.

Wapiga kura wana haki yao, na nakiri kwamba Richer naye aliingia kwa kumkosoa Fontes juu ya uendeshaji wa uchaguzi. Helen Purcell aliishika ofisi hiyo tangu 1989, akaangushwa mwaka 2016 baada ya watu kupanga foleni za saa nyingi mwezi Machi, kwa sababu kaunti nzima iliwekewa vituo 60 tu vya kupigia kura. Sawa, foleni ile ilikuwa kasoro ya kazi na alihukumiwa kwa kazi. Lakini mtu kuondolewa kwa sababu amekataa kusema uongo juu ya daftari analolitunza, hilo linanitisha. Atakayekubali kuusema kuhusu daftari la kura, nitamwaminije na daftari la nyumba yangu?

Na tusijifiche nyuma ya Warepublican. Hapa Arizona, asiye na chama anaruhusiwa kuomba karatasi ya chama kimoja na kupiga kura ya mchujo. Wengi wetu hatuna chama. Mchujo ule ulifanyika katikati ya joto la Julai, na karibu kila niliyemuuliza baadaye alisema hakujua kama kuna uchaguzi.

Heap aliingia ofisini Januari 2025, na mwaka huo huo akaishtaki Bodi ya Wasimamizi, inayoongoza kaunti, akigombea madaraka ya kuendesha uchaguzi. Kiti kitagombewa tena 2028. Akija kutuomba kura, yeye au mwingine yeyote, kanisani, msikitini au kwenye mikutano yetu ya jumuiya, aulizwe hati inachukua siku ngapi kuingia kwenye faharasa, amefanya nini dhidi ya hati za kughushi, na kwa nini taarifa za ile huduma ya bure hazijatufikia kwa Kiswahili. Mzee wangu naye awepo, na aulize la kwanza.