Dopamini ya Sekunde, Ugonjwa wa Miaka

Mgonjwa wa Parkinson yu macho katika chumba cha upasuaji, fuvu lake limetobolewa ili apandikizwe elektrodi za kutuliza mtetemeko. Kwa dakika chache anacheza mchezo wa kuwekeza fedha kwenye skrini, huku uzi wa kaboni mwembamba kuliko unywele, uliopenyezwa ndani ya ubongo, ukipima dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, mara 10 kwa sekunde. Ndivyo Kenneth Kishida, Read Montague na wenzao walivyofanya Marekani kwa wagonjwa 17, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016.

Wanaoitetea njia hii wana hoja nzito. Kipimo cha PET, picha ya ubongo inayopigwa kwa dawa yenye mionzi, huhesabu kwa dakika, ilhali mshangao wa kupata usichokitarajia hupita kufumba na kufumbua. Tena matokeo yenyewe yalishangaza. Kwa aliyeweka dau kubwa, bei ya soko mchezoni ilipozidi matarajio, dopamini ilipanda. Kwa aliyeweka dau dogo, bei hiyohiyo iliishusha, kana kwamba ubongo unapiga hesabu ya faida iliyomponyoka.

Hata hivyo, kinachopimwa si dopamini moja kwa moja. Volti hupandishwa na kushushwa kwa kasi, dopamini hupoteza elektroni, kisha mkondo hafifu wa umeme unaotokea hufasiriwa kwa modeli iliyofunzwa kwa vimiminika vya maabara. Noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo, hutoa mkondo unaokaribia kufanana nao, na asidi ikibadilika kidogo kipimo huyumba.

Linalonisumbua zaidi ni jingine. Mbinu ya kawaida huondoa mkondo wa msingi ili mabadiliko yaonekane, kwa hiyo huona mawimbi bila kujua kina cha maji. Katika skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu huweza kusikia sauti zisizokuwepo, ni PET, licha ya kwenda polepole, iliyoonyesha kwamba kwa wastani wagonjwa hutengeneza dopamini kupita kiasi. Isitoshe, wale 17 walikuwa na maradhi yanayoua seli hizohizo za dopamini, na hakuna mwenye afya atakayetobolewa fuvu ili walinganishwe naye. Panya wanapimika vizuri, hasa tangu protini zinazong'aa zikigusana na dopamini zilipotangazwa mwaka 2018, lakini panya hawezi kutueleza kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo.

Kwa hiyo naiunga mkono njia hii pale upasuaji unapofanyika kwa sababu ya tiba na mgonjwa amekubali dakika hizo za ziada akijua kwamba hazimtibu. Kumtoboa fuvu mwenye sonona kwa ajili ya kipimo tu, hapana.