Bosi, Kuna Changamoto

Simu ikiita saa tano usiku, wenzangu huwaza msiba. Mimi huwaza kuku.

"Bosi, shikamoo. Huku tuko salama kabisa, ila kuna changamoto kidogo."

Huyo ni kijana wangu wa shambani. Jamani, hilo neno changamoto lifutwe kwenye kamusi. Mara ya kwanza changamoto ilikuwa kicheche kapita bandani. Ya pili, mchwa wamekula nguzo, banda limeinama kama mzee anayetafuta miwani. Ya tatu, ngedere wamevuna mapapai ambayo mimi mwenye shamba nilikuwa nayahesabu tu kila wikendi, sijathubutu kuchuma hata moja.

Nusu eka yangu iko Kibaha, ndani ndani huko. Ukishuka daladala unapanda bodaboda, bodaboda ikizama kwenye mchanga unashuka unasukuma, na nauli unalipa yote. Niliinunua nipate pa kupumzikia. Siku hizi napumzika Jumatatu, ofisini.

Kilichoniponza ni kikokotoo cha simu. Vifaranga 100 wa chotara, yai moja kila kuku kila siku, trei tatu na chenji juu. Usiku ule nililala tajiri. Kikokotoo hakikuniambia kwamba jiko la mkaa likizimika saa nane za usiku, vifaranga hurundikana kutafuta joto hadi wanakosa pumzi. Asubuhi yake nilihesabu mpaka nikaacha. Mwewe akaja kumalizia. Wakabaki 41, na kwa kuwa vifaranga wale huuzwa mchanganyiko, 17 wakawa majogoo. Jogoo hatagi, lakini kwenye chakula ndiye wa kwanza kufika. Mfuko wa kilo 50 wanaumaliza kwa siku kumi, kisha wananitazama.

Na usione kuku anatembea ukadhani ni bure. Siku ya saba chanjo ya kideri, ya 14 gumboro, ya 21 kideri tena. Maji ya bomba hayafai, ile dawa yake inaua chanjo, basi unachota ya kisima na kuyachanganya na maziwa ya unga. Maziwa yangu ya chai! Kuku wakanywa ya maziwa, mimi baba wa familia nikanywa ya rangi.

Yai la kwanza lilikuja baada ya miezi mitano na ushee, dogo kama limao. Nililipiga picha nyingi kuliko mwanangu wa kwanza. Mama watoto akalikaanga, tukagawana watu watano. Kiini cha njano iliyokolea, wacha! Hamna yai la dukani lenye ladha ile. Halafu nikakosea, nikaanza kujumlisha banda, chakula, chanjo na bodaboda. Kwa gharama ile tungekuwa tunatafuna mbuzi.

Ofisini jina langu limekufa, naitwa Mkulima. "Mkulima, nitengee trei." "Mkulima, usinisahau sikukuu." Wa kuuliza bei hajazaliwa.

Juzi ikaita tena, saa tano ileile.

"Bosi, shikamoo. Kuna changamoto."

"Sema, nani kafa?"

"Yule tetea wa mama mkwe."

Hapo nikakaa kitandani. Huyo ni tetea wa kienyeji niliyepewa zawadi, akapotea wiki tatu nzima. Kicheche nilishamlaani, na kijana mwenyewe nilishamtazama kwa jicho la ugali na mchuzi.

"Amefanyaje?"

"Karudi, bosi. Alikuwa anaatamia kichakani. Kaja na vifaranga 11."

Bila chanjo. Bila jiko. Bila hata punje ya chakula changu! Nikawasha taa, nikafungua kikokotoo: 11, tuseme nane wawe matetea, kila mmoja akitotoa 11...

Mama watoto akaninyang'anya simu, akaizima, akaiweka chini ya mto wake.