Kama Lazima Nikatwe, Basi Niulizwe

Juzi kwenye grupu letu la watumishi kijana mmoja wa ajira mpya karusha skrinishoti ya salari slipu yake, kazungushia wino mwekundu mstari mmoja tu, wa makato ya chama cha wafanyakazi, chini kaandika: "Samahanini wakubwa zangu, hiki chama nilijiunga lini?" Basi. Hajatukana mtu, hajamtaja mtu. Kiongozi mmoja wa tawi, mtu mzima na ninamheshimu, akamjibu kwa voisi, "Mwanangu, kaa kwanza kazini uzoee, hayo utakuja kuyaelewa." Kijana akauliza mara ya pili. Asubuhi tunaamka, kijana katolewa grupuni!

Nimekereka sana. Kumtoa mtu grupuni kwa kuuliza hela yake inaenda wapi, halafu sisi ndo watetezi wa wanyonge.

Wakajaa wale wa "sheria inasema". Na kweli inasema, shida yao huwa wanaisoma nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlazimishi mtu kuwa mwanachama wa chama chochote. Ada ya uanachama mwajiri anaikata ukishajaza fomu ukasaini, na ukichoka unaandika notisi ya mwezi mmoja, kwa mwajiri na kwa chama. Hapo ndo wengi tunashangilia kabla hatujafika mbele, maana kifungu cha 72 kinakusubiri na kitu kinaitwa ada ya uwakala. Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi, kikatambuliwa na kikakubaliana na mwajiri, basi hata wewe usiyekuwa mwanachama unakatwa na saini yako haihitajiki. Yaani unajitoa mwezi huu, mwezi ujao unakatwa vilevile, kimebadilika jina la makato tu.

Lakini kifungu hichohicho kina maneno ambayo viongozi wetu wakiyafikia wanayaruka. Ada hiyo isizidi ile ya mwanachama, iwekwe kwenye akaunti yake peke yake, na itumike kuendeleza au kutetea maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale pale pa kazi. Mahali pale pale! Sasa nauliza, kuanzia Masasi mpaka Newala, Nachingwea mpaka Liwale, nani kati yetu ameshawahi kusomewa hiyo akaunti? Imeingia shilingi ngapi kutoka kwetu, imetumika kwa nini huku kwetu? Mimi ninachokiona huku ni fulana ya Mei Mosi, nayo saizi yangu huwa zimeisha kila mwaka, zimebaki za watoto na za mabaunsa.

Halafu kuna hili la ada kukatwa kwa asilimia mbili ya mshahara. Mei Mosi ya 2025 pale Singida Rais Samia akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Tukapiga vigelegele, mimi mmojawapo. Sasa piga hesabu ya mtu wa kima cha chini anayekatwa asilimia mbili: alikuwa anatoa 7,400 kwa mwezi, sasa anatoa 10,000. Chama nacho kimepandishwa mshahara siku ileile, bila barua, bila kikao, bila kuongeza hata kiti kimoja kwenye ofisi ya wilaya. Kingekuwa kinakata kiasi kimoja kwa kila mtu, kingetaka kupandisha kingelazimika kuja kutuomba na kueleza kwanini. Kwenye asilimia haombwi mtu, inapanda yenyewe.

Najua jibu, "nani alipigania hiyo nyongeza?" Sawa, nakubali vyama vilisema. Ila nakumbuka pia ile miaka mishahara ilipolala, kuanzia 2016 mpaka Mama akaja kuongeza 2022, makato hayakulala hata mwezi mmoja. Na kikokotoo, ile hesabu ya sehemu ya pensheni unayolipwa kwa mkupuo ukistaafu? 2018 watu wamechachamaa mpaka Rais Magufuli mwenyewe akasitisha Desemba, 2022 kikarudi na asilimia 33 tukaambiwa wafanyakazi mmeshirikishwa. Nilishirikishwa lini mimi? Ikabidi kelele zianze upya, hadi 2024 ndo ikaja ile asilimia 40 kwa waliokuwa kwenye asilimia 50 zamani. Kelele nyingi zilikuwa za wastaafu na za bungeni, za vyama nilizisikia kwa mbali.

Haya, nisije nikaonekana mchochezi. Kuna dada mmoja tuko naye idara moja, yeye ndo alikuwa wa kwanza kusema chama ni wezi, kajitoa kwa maandishi na barua akawa anatuonyesha kwa fahari. Likamkuta jambo la kupotea vifaa stoo, akasimamishwa, na aliyesafiri naye kwenye vikao vya nidhamu, akamwandikia utetezi na kumwambia hiki sema, hiki nyamaza, ni yuleyule mzee wa chama aliyekuwa anamwita mwizi. Kesi ikaisha vizuri, yuko kazini mpaka leo. Kwa hiyo wale wanaosema "asiyechangia asinufaike" wana hoja na inaniuma kuikubali, kwa sababu nyongeza ikija inawafikia wote, mkataba wa hali bora ukisainiwa unawahusu wote, na mtu hawezi kukaa pembeni anakula jasho la wenzie halafu anajiita mjanja.

Na bila michango chama kinakufa kweli, si vitisho. Angalieni majirani Kenya. KNUT, chama chao cha walimu, ilikuwa na walimu zaidi ya 180,000 mwaka 2019, ikagombana na tume inayowaajiri walimu, tume ikawalipa nyongeza wasiokuwa wanachama tu, basi watu wakakimbia kufuata nyongeza, na ndani ya miaka miwili chama kikabaki na wanachama chini ya 20,000, hata wafanyakazi wake wakawa hawalipwi. Mwajiri akipewa nafasi ya kukiua chama anakiua kwa kutumia wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo sisemi kila mtu ajitoe.

Ninachosema nimekichukua kwa mjomba wangu wa Tandahimba, mzee wa mikorosho. Yeye naye yuko kwenye chama kwa lazima ukitaka kusema ukweli, korosho haiuziki kihalali bila kupita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ukipeleka kwa kangomba, wale wanunuzi wa magendo, ukidakwa ni kesi, na malipo yake yakitoka yamekatwa huku na huku mpaka unaona huruma, ushuru, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, sijui nini. Makato yake yananizidi mimi mbali. Lakini tofauti ni moja kubwa. Siku ya mnada mjomba anavaa kanzu yake anakwenda, bei zinasomwa mbele yake, anaulizwa yeye na wenzie tunauza hatuuzi, na wakisema hatuuzi, haziuzwi. Oktoba 2018 hamkumbuki? Wanunuzi wamekuja na bei za 1,900 mpaka 2,700, wakulima wa huku wakazikataa mchana kweupe, mpaka serikali ikaingia yenyewe Novemba kununua kwa 3,300, na jeshi likaja kubeba. Yaliyofuata tunayajua, kuna watu walisubiri hela mpaka wakachoka, sitaki kuipamba. Ila walikataa, na kukataa kwao kulihesabika! Mzee hajasoma kifungu hata kimoja cha sheria yoyote, ila orodha ya makato anaidai na akiona mstari hauelewi anamwita katibu palepale, tena kwa sauti ya watu wa Tandahimba, hakuna wa kumtoa kwenye grupu.

Sasa mimi na diploma yangu, nakatwa kila mwezi kimya kimya kwenye mfumo, nikiuliza naambiwa nizoee. Na yule asiye mwanachama ndo mbaya zaidi, anatoa ada sawasawa na mwenzie lakini uchaguzi wa tawi hapigi kura, kikao haitwi, hesabu haoni kwa sababu eti si mwanachama. Kwenye kukatwa ni mwenzetu, kwenye kuuliza ni mgeni. Hapo ndo hasira yangu yote ilipo, haya mengine ni nyongeza.

Wazee wanasema mmedeka, zamani hakukuwa na kuchagua. Ni kweli, 1964 baada ya maasi ya jeshi TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikafutwa ikaja NUTA, chama kimoja nchi nzima, na katibu mkuu wake Michael Kamaliza ndiye huyohuyo Waziri wa Kazi, sasa hapo unamlalamikia nani kwa nani. 1978 ikageuka JUWATA, jumuiya ya CCM. Nafikiri tulitoka na tabia ya enzi zile, ya kuona makato ya chama kama kodi, na viongozi nao wakabaki na tabia ya kutuona sisi kama walipa kodi. Lakini sheria imebadilika. Leo hesabu za chama zinatakiwa kukaguliwa na kuletwa mbele ya wanachama, na mwanachama ana haki ya kuziangalia. Hilo nalo liko kwenye sheria ileile mnayoninukulia kwenye grupu.

Fomu ya kujitoa sijajaza na sijazi. Nimeandika barua kwa katibu wa tawi, nakala wilayani, naomba mapato na matumizi ya mwaka jana pamoja na akaunti ya ada ya uwakala, na nimehakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakijibu nitaibandika hapa kama ilivyo, wasipojibu nitabandika barua yangu yenye muhuri. Na yule kijana arudishwe grupuni, admini najua unasoma hapa.