Kabla ya kununua unga wa mikoriza

Wapanda miti wengi wananiuliza kama ule unga wa mikoriza, yaani kuvu za mizizi zilizofungwa kwenye pakiti, unaotangazwa mitandaoni una maana. Kuvu yenyewe ina maana kubwa mno. Pesa yako, kwa maoni yangu, iache mfukoni.

Mikoriza ni kuvu inayoishi na mizizi. Nyuzi zake nyembamba hupenya pale mzizi usipofika na kuleta maji na fosforasi. Mti nao huilisha sukari. Mjerumani Albert Bernhard Frank aliupa ushirika huo jina mwaka 1885.

Kwa msindano (paini) hili si jambo la hiari. Pinus patula tunaoupanda kwenye shamba la miti la Sao Hill asili yake ni Mexico, na Afrika kusini mwa Sahara haina msindano wa asili hata mmoja, kwa hiyo kuvu zake nazo hazikuwepo. Kule Puerto Rico, kisiwa kisicho na misindano yake, miche ilidumaa na kufa hadi udongo wenye kuvu ulipoletwa kutoka Marekani bara miaka ya 1950. Ilichokosa miche hiyo ni kuvu tu!

Ndiyo maana watu wa vitalu huchanganya udongo wa chini ya misindano mikubwa kwenye viriba. Hiyo ndiyo njia ninayoitetea, tena ni bure. Chota ule wa juu, wenye majani yaliyooza na nyuzi nyeupe, uutumie ungali mbichi. Usiuache juani ukakauka. Chota shamba la karibu lenye miti yenye afya, kwani udongo hubeba pia magonjwa ya kuozesha miche. Mche ukitoka kitaluni na kuvu yake, shimoni hauhitaji unga wowote.

Linaloniumiza ni kuona mkulima ananyunyiza unga wa bei ghali shimoni, kisha anajaza DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, juu yake. Fosforasi ikizidi, mti hupunguza kuilisha kuvu, na kuvu inadhoofika. Isitoshe, vipimo vilivyofanywa nje ya nchi vimekuta pakiti nyingi ambazo kuvu yake haikuota kabisa kwenye mizizi. Ni kiumbe hai. Joto la stoo linaiua.

Parachichi, kahawa na miembe hushirikiana na kuvu za aina nyingine, zisizotoa uyoga, na kuvu za msindano haziisaidii miti hiyo chochote. Shamba la Njombe lililokuwa na mahindi msimu uliopita tayari linazo hizo zisizotoa uyoga, maana mahindi nayo huishi nazo. Weka samadi iliyoiva, tandaza nyasi, acha kuchoma shamba.

Miyombo yetu nayo ina kuvu zake. Uyoga mwingi unaookotwa msituni Tabora mvua zikianza (ule wa vichuguuni ni mwingine) huzaliwa na kuvu hizo za mizizi. Ukifyeka miti, uyoga nao unatoweka, na mama anayeuuza barabarani anakosa kipato. Nashangaa tunavyohesabu mbao na mkaa tu.

Unga ningeufikiria kwenye machimbo yaliyoachwa, pale udongo wa juu ulikwisha ondolewa wote. Hata hapo, ningetia nusu ya miche tu, nusu nyingine niipande bila unga, nikalinganishe baada ya masika mawili.