Vinzi vinapumzishwa, mdogo wangu je?

Mie nauza matunda na juisi Ngamiani, Tanga, sio mwanasayansi, ila vinzi ninavyo vya kutosha. Vile vidogo vyenye macho mekundu, ukisahau ndizi mbivu kwenye beseni siku mbili vimeshajaa, ukifungua chupa ya siki ndo kabisa vinakuja kama vimealikwa arusini. Na msivichanganye na wale inzi wanaotaga ndani ya embe wakawatia hasara wakulima wa Muheza, wale ukoo mwingine.

Sasa mdogo wangu yuko fomu foo, juzi ananiambia, "Dada, hivyo vinzi vinafundishika." Nikacheka. Usiku nikaingia kwenye simu kusoma mpaka bando likakata, kumbe kweli jamani, tena tangu 1974 huko California kwenye maabara ya mwanasayansi Seymour Benzer. Vinzi vinapewa harufu mbili, moja inakuja pamoja na shoti ya umeme, nyingine inapita salama, halafu siku hizi vinawekwa njia panda harufu hii huku ile kule, na vingi vinakimbia ile ya shoti. 1976 wakatangaza ukoo mmoja wa vinzi ulioshindwa kujifunza, wakaupa jina lenye maana ya mbumbumbu, yaani hata nzi hakusalimika.

Ndani ya kile kichwa kidogo kuliko mbegu ya ufuta kuna sehemu inafanana na uyoga, kila upande ina seli kama 2,000, na harufu moja inaamsha chache tu, tuseme 5 katika 100. Shoti ikipiga, inamwagika dopamini, kemikali ya ubongo, na zile seli chache zilizokuwa macho muda huo kamba yao ya kwenda kwenye seli zinazosema "sogea karibu" inalegezwa. Basi. Kesho harufu ile ikija, hamu haipo.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni hiki hapa. Ukivifundisha raundi 10 mfululizo bila kupumua, vinakumbuka siku chache halafu kwisha. Raundi 10 zilezile, ila katikati unavipumzisha dakika 15, vinakumbuka wiki nzima, kwa sababu ubongo unapata nafasi ya kutengeneza protini mpya za kushikilia lile somo, na wakizuia hizo protini zisitengenezwe basi kumbukumbu ya wiki haipatikani.

Haya, niambieni kwa nini mdogo wangu anakaa twisheni Jumamosi saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, sura tatu za bailojia kwa mkupuo, mwalimu anawaambia mtapumzika kaburini, na hela natoa mie! Jumatano namuuliza kitu cha Jumamosi ananiangalia tu kama ng'ombe anaangalia treni. Najua mtasema mtu sio nzi. Sawa, ila Mjerumani Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri vijineno visivyo na maana, akaandika 1885 kwamba kugawanya kukariri kwa siku kadhaa kunashinda kukariri kwa pupa.

Kwa hiyo Jumamosi hii hakwenda. Kakaa nyuma ya banda, anasoma dakika 20, anafunga daftari ananimenyea nanasi, anarudi kusoma. Mama kaninunia, anasema namharibia mtoto kwa habari za nzi na mtihani ni Novemba.