Bizanti haikuwa ghala la Wagiriki wa kale

Ikitajwa Milki ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya mashariki, wengi husema kazi yake ilikuwa kutunza vitabu vya Wagiriki wa kale mpaka Wazungu wa magharibi walipokuja kuvichukua. Nalipinga wazo hilo kwa nguvu. Ghala hupokea linalopewa. Wabizanti walichagua, wakasahihisha, na walichokiacha kwa sehemu kubwa kimepotea.

Tazama karne ya 9. Vitabu vya zamani viliandikwa kwa herufi kubwa tupu, bila nafasi kati ya maneno. Wanakili wakahamia hati ya herufi ndogo zinazoungana, ambayo huandikwa upesi na kula kidogo ngozi ya kuandikia. Kuhamisha huko kulimtaka mnakili aamue kila neno linaishia wapi na mkazo unaangukia wapi. Makosa yaliingia hapo hapo: Α, Δ na Λ hufanana, na Σ, ambayo zamani iliandikwa kama C, hukaribiana na Ε, Θ na Ο. Herufi moja ikikosewa, neno hugeuka jingine, na nakala zote zinazofuata hulirithi kosa. Nakala ya kale ikishahamishwa, mara nyingi haikutunzwa tena. Kitabu ambacho hakuna aliyeona haja ya kukihamisha, kwa kawaida kilikufa.

Na haikuwa kazi rahisi mfukoni. Mwaka 895 shemasi Arethas alilipa sarafu 13 za dhahabu kwa kunakiliwa kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na 8 zaidi kwa ngozi. Kisha akajaza pambizo maelezo kwa mkono wake mwenyewe. Huyu ni Mkristo, wa watu waliojiita Warumi, ambao kwao neno «Mhelene», yaani Mgiriki, lilimaanisha mpagani! Alibishana na Plato, hakumhifadhi tu.

Sisi wa pwani tuna deni letu hapa. Maelezo ya Kigiriki ya karne ya 1 kuhusu safari za Bahari ya Hindi yanaitaja Rhapta, soko la pembe za ndovu katika pwani yetu, lililopewa jina kutokana na mashua zake za kushonwa. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mtepe mara moja. Maelezo hayo yametufikia kupitia hati moja ya Kibizanti ya karne ya 10, iliyopo Heidelberg, Ujerumani. Nakala nyingine, iliyopo London, ilinakiliwa kutoka hiyo. Kwa hiyo pale mnakili alipokosea, na alikosea mara nyingi, hakuna nakala nyingine huru ya kulinganisha nayo.